Maji ya Kiko Hayaoshi Moshi

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nakusudia kuzungumzia uongo mmoja wenye umri wa miaka mia kadhaa. Uongo wenyewe ni mfupi na husemwa kwa upole: kwamba moshi wa tumbaku ukipitishwa katika maji hutoka safi, na kwa hiyo anayevuta shisha si sawa na anayevuta sigara.

Maneno hayo nimeyasikia Shinyanga mjini na Kahama, na nimeyasikia tena Katoro na Geita, mahali ambapo kijana aliyeuza dhahabu yake jioni hutafuta kiti, muziki na kitu cha kujipongeza. Ukimwuliza, hukujibu bila wasiwasi, "Mzee, hii imechujwa na maji." Hasemi hivyo kwa kiburi. Anasema kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia naye aliambiwa.

Nimeona ni vema tufuatilie maneno hayo yalikotoka na namna tawala mbalimbali zilivyojaribu kupambana na chombo hiki. Katika ukanda huu wetu wa migodi maneno hayo yana madhara kuliko mahali pengine, na sababu yake nitaieleza.

Kwanza tuondoe dhana ya ugeni. Wengi wetu tunadhani kuvuta moshi kupitia majini ni jambo lililoingia nchini juzi, pamoja na hoteli za kisasa na televisheni za satelaiti. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1870 Padri Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Zanzibar, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Humo ameeleza kiko cha wenyeji kipande kwa kipande. Bakuli la udongo la kuwekea tumbaku na moto liliitwa bori. Mti ulioshuka kutoka kwenye bori mpaka kwenye maji uliitwa digali. Chombo chenye maji ndicho kilichoitwa kiko hasa. Kijiti kifupi cha kutia mdomoni kiliitwa shilamu. Na ile sauti ya maji yanapobubujika mtu akivuta nayo ilikuwa na jina lake: malio ya kiko.

Angalia basi, ndugu yangu. Kila kipande cha shisha unayoiona leo kilikwisha kupewa jina la Kiswahili zaidi ya miaka 150 iliyopita, na watu hawakipi jina kitu wasichokitumia. Hata neno shisha lenyewe limo katika kamusi za zamani, ila lilikuwa na maana nyingine: lilikuwa chupa ya mchanga ya kupimia saa. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kioo. Kwa vile kikao kimoja cha shisha huweza kuchukua saa nzima au hata kupita, maana ile ya zamani haiko mbali sana na hii mpya.

Chombo hiki hakikubaki pwani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa na tawi lililopanda kaskazini kupita Usukuma mpaka ziwani. Ndiyo njia aliyoifuata Mwingereza John Hanning Speke alipoondoka Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, akafika Mwanza mwezi Agosti 1858. Mwenzake Richard Burton alibaki Tabora, na katika kitabu chake ameandika jinsi wanaume na wanawake wa Unyamwezi walivyopenda tumbaku. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe na shaba walibeba na tumbaku. Mahali pasipopatikana chombo cha pwani, kibuyu kilitiwa maji na kazi ikafanyika.

Tena yako mambo ya kale zaidi. Katika Pango la Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia, wataalamu wa mambo ya kale walipata mabori ya viko vya maji ambayo waliyakadiria kuwa ya karne ya 14. Walipopima masizi yaliyoganda ndani yake walikuta dalili za bangi. Tumbaku, kama tujuavyo, asili yake ni Marekani, na haikufika pande hizi mpaka Wareno na wenzao walipoanza kuvuka bahari. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba Mwafrika wa Mashariki alijua kuvuta kwa maji kabla hajaijua tumbaku yenyewe. Tumbaku ilipofika ilikuta chombo kinaisubiri.

Lakini ile imani kwamba maji ni tiba ya moshi imetoka wapi? Hapo yatubidi tuvuke bahari mpaka India.

Simulizi inayorudiwa sana humtaja Hakim Abul-Fath Gilani, tabibu katika baraza la mfalme Akbar, kuwa ndiye aliyeshauri moshi upitishwe majini ili upoe na kutakasika. Zipo pia kumbukumbu za mtumishi wa mfalme aliyeitwa Asad Beg. Yeye anaeleza kwamba karibu na mwaka 1604 alirudi kutoka Bijapur akiwa na tumbaku na kiko kilichopambwa kwa vito. Akamkabidhi mfalme. Akbar akavuta mara chache mbele ya wakuu wake. Tabibu wake akaingilia kati na kumzuia asiendelee. Ukazuka ubishi barazani. Asad Beg akadai kwamba Wazungu wanaitumia na wao si wajinga. Tabibu akajibu kwamba hawakuwa na haja ya kuiga jambo ambalo wenye hekima wa kwao hawajalijaribu wala kulithibitisha. Akbar hakuizoea tumbaku. Lakini wakuu wa baraza wakaomba wagawiwe, wafanyabiashara wakaanza kuiuza, na desturi ikaenea kwa haraka.

Mimi nikisoma habari hiyo naona mambo mawili. La kwanza, daktari alikuwapo tangu siku ya kwanza na alisema kweli: kitu kisichopimwa kisiingizwe mwilini. La pili, watu hawakumfuata. Walichokichukua kwa matabibu ni ile simulizi tamu ya maji, na onyo wakaliacha palepale barazani.

Baada ya hapo zikafuata marufuku. Mwaka 1604 huohuo, mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku na akaipandishia ushuru mara nyingi. Mwaka 1617 Jahangir, mwana wa Akbar, alipiga marufuku uvutaji katika himaya yake. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliifanya tumbaku kuwa kosa la kumpoteza mtu maisha, na akafunga nyumba za kahawa. Ushuru wa James uliishia kuwa chanzo cha mapato ya Serikali. Marufuku ya Jahangir ilisahauliwa. Na nchi ya Murad leo inafahamika duniani kote kwa viko vyake vya maji.

Ndugu msikilizaji, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba kupiga marufuku ni kazi bure. Ninachosema ni kwamba wafalme wale waligombana na chombo, wakagombana na wavutaji, lakini hakuna aliyekwenda kuuvunja ule uongo. Na hawakuwa na uwezo wa kuuvunja, maana ujuzi wa kupima moshi haukuwapo.

Siku hizi upo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa maelezo maalumu kuhusu kiko cha maji, na likayatoa upya mwaka 2015. Hesabu zake ni rahisi kueleweka. Mtu anayevuta sigara moja huvuta mara 8 mpaka 12, kwa muda wa dakika 5 mpaka 7, na kila mvuto huingiza moshi wa mililita 40 mpaka 75. Anayevuta shisha hukaa dakika 20 mpaka 80, huvuta mara 50 mpaka 200, na kila mvuto waweza kuanzia mililita 150 hadi lita nzima. Ndiyo maana shirika hilo lilisema kwamba katika kikao cha saa moja mtu huvuta moshi ambao ujazo wake ni mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Hapa nawaomba tuwe waangalifu. Hiyo haina maana kwamba kila sumu iliyomo ni mara mia ya ile ya sigara. Inayozungumzwa ni hesabu ya ujazo wa moshi. Tukisema zaidi ya hapo, kijana mwerevu atatukamata, na akitukamata mara moja hatatusikiliza tena.

Sasa maji yanafanya nini? Maji yanapoza moshi. Yanapunguza ukali wake kooni na kunasa sehemu ya nikotini. Basi. Moshi hupita majini ukiwa ndani ya mapovu, na chembe ndogondogo zilizomo katikati ya povu hutoka upande wa pili bila hata kulowa. Ubaridi wenyewe ndio mtego. Moshi wa moto humfanya mtu akohoe na kuacha, lakini moshi uliopoa humruhusu auvute mpaka chini kabisa ya mapafu.

Na kuna mkaa. Juu ya ile bori, siku hizi ikifunikwa kwa karatasi ya madini, hukaa kipande cha mkaa unaowaka. Nani kati yetu hajasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ikakutwa asubuhi imekufa? Inayoua pale ni gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi. Gesi hiyo haikamatwi na maji. Mvuta shisha anaivuta kwa hiari yake, na anaukalia moshi wa wenzake pia. Hata zile shisha zinazouzwa kwa maelezo kwamba hazina tumbaku, ni majani na matunda tu, zina mkaa uleule juu yake na hutoa gesi ileile.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ukanda wetu. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa wanaijua gesi hii hata kama hawalijui jina lake. Wanajua kwamba pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya duara lisilo na hewa, anayeshuka anaweza asipande. Hakuna mchimbaji atakayekuambia kwamba moshi wa pampu ni salama kwa kuwa duara lina maji chini. Hekima hiyo anayo shimoni, lakini akipanda juu na kuoga anaiacha kule.

Tena ana mzigo mwingine. Mawe yenye dhahabu hutobolewa, hupasuliwa na kusagwa kwenye makarasha, na vumbi lake lina silika. Vumbi la silika likikaa mapafuni hutengeneza makovu yasiyopona, na mapafu yenye makovu ni shamba lililolimwa tayari kwa kifua kikuu. Tanzania iliwekwa na WHO katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, na wachimbaji ni miongoni mwa makundi yaliyo hatarini zaidi. Uvutaji wa tumbaku peke yake huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili. Sasa jumlisha: vumbi la mchana, moshi wa usiku, na shilamu moja inayozunguka mdomo kwa mdomo mezani kati ya watu wanne ambao mmoja wao ana kikohozi cha wiki tatu. WHO imeonya kwamba kuchangia kijiti cha mdomoni kunaweza kueneza magonjwa, na kifua kikuu kimetajwa kwa jina. Kamba hukatikia pabovu, na hapa kwetu pabovu ni mapafu.

Biashara hii nayo ina historia yake ya karibuni. Mpaka miaka ya 1980, kiko cha maji katika nchi nyingi kilikuwa kitu cha wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo ilipoenea tumbaku iliyolowekwa katika sukari na kutiwa ladha za matunda. Waarabu huiita muassel, yaani iliyotiwa asali, na neno hilo la asali ni lilelile tulilo nalo sisi. Asali hiyo ndiyo iliyowavuta vijana, na wasichana pamoja nao. Ikaenda mpaka Ulaya na Marekani, ikateremka Nairobi na Dar es Salaam, ikaifuata fedha mpaka migodini. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Mahali penye mishahara ya migodi na dhahabu ya wachimbaji wadogo, burudani za mjini hazichelewi kufika.

Sheria zetu je? Hapa kuna jambo la kufikirisha. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha Sheria ya Tumbaku ya kuendesha zao hilo chini ya Bodi ya Tumbaku. Mwaka 2003 likapitisha sheria nyingine ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, inayozuia kuwauzia walio chini ya miaka 18 na kuwekea mipaka uvutaji mahali pa umma. Mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku. Kwa hiyo Serikali ileile inaikuza tumbaku kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mkono mwingine. Wakulima wa Kahama na Bukombe wanalijua hilo, kwa sababu wao huikausha tumbaku ya mvuke kwa kuni na kuiuza kupitia vyama vya msingi ili wasomeshe watoto. Siwalaumu. Lakini mtu asijifanye kwamba habari hii ni ya utamaduni wa kigeni tu wakati jani lenyewe tunalilima hapahapa.

Mwezi Julai 2016 ikaja marufuku ya shisha. Waliosikika zaidi ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda. Hoja kubwa ilikuwa kuwanusuru vijana, na hofu kwamba shisha huchanganywa na dawa za kulevya. Vyombo vikakamatwa na kumbi zikatulia kwa muda. Jirani zetu nao walikuwa katika njia hiyohiyo. Uganda iliizuia shisha kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2015 iliyoanza kutumika Mei 2016. Rwanda iliipiga marufuku Desemba 2017. Mwezi huohuo Waziri wa Afya wa Kenya, Cleopa Mailu, alitoa kanuni za kuizuia.

Kisa cha Kenya kina somo. Wafanyabiashara walikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2018 mahakama hiyo ikaikubali marufuku. Lakini Januari 2024, hakimu mmoja katika mahakama ya Shanzu, Mombasa, aliwaachia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha. Sababu? Kanuni zile hazikuwa zimepelekwa Bungeni kuidhinishwa kama utaratibu unavyotaka. Miaka sita ya misako, halafu kesi ikaanguka kwa sababu ya karatasi. Hakuna aliyesema mahakamani kuwa moshi ni salama. Lakini uvumi mitaani hausomi hukumu. Husikia tu kwamba shisha imeachiwa.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya. Amri inayotangazwa jukwaani hutisha kwa msimu mmoja. Inamkamata mhudumu wa baa, inavunja chupa, kisha inapoa, na chombo kinarudi kwenye chumba cha nyuma ambako hewa ni mbaya zaidi. Isitoshe, amri inayozungumzia dawa za kulevya na maadili peke yake inamwacha kijana na jibu jepesi: "Mimi siweki bangi, natumia ya tufaha." Hakuna aliyemwambia habari za mkaa.

Sisi wa Shinyanga na Geita tunaweza kufanya zaidi bila kungoja sauti kutoka mbali. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapita kwenye baraza la madiwani na kufuata taratibu zote, zikitaja wazi moshi wa kiko cha maji wa aina yoyote, wenye tumbaku au usio nayo. Tunao mabwana afya wanaokagua vyoo na machinjio. Wakague na vyumba hivi. Zahanati zilizo karibu na machimbo zinamwuliza mgonjwa wa kikohozi kama anavuta sigara. Mara nyingi hujibu hapana, naye hadanganyi, kwa sababu kwake shisha si sigara. Wamwulize na la pili. Ni swali moja tu, halina gharama.

Na sisi watangazaji tusijitoe. Miaka mingi tumesoma taarifa za misako: vyombo vingapi vimekamatwa, watu wangapi wamefikishwa kituoni. Ni mara chache tumeeleza kilichomo ndani ya povu. Mchimbaji anayejua kuzikimbia hewa mbaya za duara anaweza kuelewa jambo hili kwa dakika tano akielezwa na mtu anayemheshimu.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Tabibu wa Akbar aliliona hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita, bila maabara wala mizani. Wakuu wa baraza walimpuuza kwa kuwa kiko kilikuwa na vito. Cha leo kina taa za rangi na ladha ya tufaha, lakini mkaa ni uleule na mapafu ni yaleyale mawili. Kwa wiki hii niishie hapa. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.